Anza na karatasi ya mwisho: kupanga somo kutoka mwisho kuja mwanzo

Tumezoea kufungua kitabu cha kiada pale kipindi kilichopita kilipoishia, kuandika andalio la somo (mpango wa kipindi kimoja), kufundisha, kisha kutunga mtihani wiki ya mwisho kwa kuangalia tulichofundisha. Kwa njia hiyo muhtasari wa somo, yaani orodha rasmi ya yanayopaswa kufundishwa, unaisha. Tatizo ni kwamba muda wote huo mwalimu hajalazimika kujibu swali moja: mtoto huyu akishaelewa, nitamwona akifanya nini ambacho leo hawezi?

Kupanga kutoka mwisho kunaanza na swali hilo. Grant Wiggins na Jay McTighe wa Marekani ndio walioupa utaratibu huu sura yake ya hatua tatu mwaka 1998. Wazo lenyewe ni la zamani zaidi, kwani Ralph Tyler alishaandika mwaka 1949 kwamba malengo ndiyo yachague shughuli za darasani. Hatua zenyewe ni hizi: amua matokeo unayotaka, amua ushahidi utakaokuridhisha, halafu ndipo upange vipindi. Hatua ya kwanza karibu kila mwalimu huifanya, hata kama ni kwa kunakili. Ya tatu wote tunaiweza. Inayorukwa ni ya pili, na ndiyo itakayochukua nafasi kubwa hapa chini.

Mfano tutakaoutumia ni wa shule ya msingi Moshi mjini, somo la Jiografia na Mazingira, mada ya hali ya hewa. Darasa lina wanafunzi 70, na mada imepewa vipindi 6 vya dakika 40. Maneno ya muhtasari wa darasa lako yanaweza kutofautiana; hatua hazibadiliki.

Unachohitaji mezani

Muhtasari wa somo, kitabu cha kiada, kalenda ya muhula, ratiba ya darasa, karatasi tatu tupu za A4 na saa mbili bila kusumbuliwa. Saa hizo mbili ni za mada nzima, si za kila kipindi. Ukijaribu kupanga hivi kila kipindi peke yake utachoka ndani ya wiki mbili na kurudi kwenye kunakili maandalio ya mwaka jana.

Hatua ya 1: Andika sentensi moja, si kichwa cha habari

Mihtasari ya Taasisi ya Elimu Tanzania ina safu za umahiri mkuu, umahiri mahususi, shughuli za ujifunzaji na kigezo cha upimaji. Anza kusoma kwenye kigezo cha upimaji, kisha rudi kushoto. Mpangilio huo wa kusoma peke yake hubadilisha unachokiona, kwa sababu shughuli zitaacha kuonekana kama orodha ya mambo ya kumaliza.

Kisha chukua karatasi ya kwanza na ugawe mada mafungu matatu: yale ambayo mtoto abaki nayo hata akisahau mengine yote, yale anayopaswa kuyajua ili ayafikie hayo, na yale ya kukutana nayo tu. Fungu la kwanza lisizidi mambo mawili kwa vipindi 6. Kwa mada yetu ni moja.

Hapo ndipo wengi huandika “hali ya hewa na urefu kutoka usawa wa bahari”. Hicho ni kichwa cha habari. Hakuna anayeweza kukipinga wala kukieleza vibaya. Andika dai kamili: *Ukipanda juu hewa hupoa, kwa sababu hewa hupashwa joto na ardhi kutoka chini, na huko juu hewa ni chache, haishiki joto jingi.* Sentensi ya namna hii ina “kwa sababu” ndani yake. Isipokuwa nayo, bado hujafika.

Kutoka kwenye dai, tengeneza swali la kubeba mada nzima. Kwa watoto wa hapa lipo tayari: kwa nini Arusha kuna baridi kuliko Moshi, na kati ya miji hiyo ni kilomita 80 hivi tu? Karibu kila mtoto ana ndugu upande wa pili au amewahi kupanda basi kwenda huko akaambiwa abebe sweta. Swali zuri ni lile ambalo mtoto anahisi analijua jibu lake, kumbe hana.

Vitenzi navyo uvipime. “Kuelewa” na “kufahamu” havionekani kwa macho. “Kukokotoa”, “kueleza sababu”, “kushauri” vinaonekana.

Hatua ya 2: Tengeneza karatasi ya mwisho kabla ya kipindi cha kwanza

Chukua karatasi ya pili. Andika kazi ambayo mwanafunzi ataifanya katika kipindi cha mwisho, neno kwa neno, kama itakavyobandikwa ubaoni. Usiandike “nitawapa zoezi”. Andika zoezi lenyewe. Hii hapa ya mada yetu:

*Kijana wa mtaani kwenu amepata kazi ya kubeba mizigo Mlima Kilimanjaro kwa mara ya kwanza. Anapanda kwa njia ya Marangu. Wastani wa joto Moshi mjini (mita 850) ni nyuzi 24. Atalala Mandara (mita 2,700), Horombo (mita 3,700) na Kibo (mita 4,700). Mwandikie barua fupi. (a) Kadiria joto la kila kambi. (b) Mweleze kwa nini joto linapungua, maana yeye anaamini kwamba akipanda atakuwa karibu na jua. (c) Mshauri nguo tatu za kununua mitumba ya soko la Memorial, na aanze kuivaa kila moja kwenye kambi ipi.*

Tazama kilichomo. Yupo anayeandikiwa, na ana sababu ya kuhitaji jibu. Ipo hesabu, yapo maelezo, upo uamuzi. Dhana potofu imewekwa wazi katika (b), hivyo mwanafunzi hawezi kuikwepa. Na mazingira ni ya kwao: wagumu, kama wapagazi wanavyoitwa huku, ni baba zao, kaka zao na majirani zao. Mtoto wa Pasua au Njoro, mitaa ya Moshi, anajua barua hii inamhusu nani.

Sasa ijibu wewe mwenyewe, kwa kalamu, huku ukiangalia saa. Hatua hii usiiruke hata kama una haraka. Kwa kanuni ya kukadiria ya nyuzi 0.6 kwa kila mita 100, Mandara iko mita 1,850 juu ya mji, hivyo joto linapungua nyuzi 11.1 na kubaki 12.9. Horombo linabaki nyuzi 6.9, Kibo 0.9. Ukiendelea hadi kilele cha Uhuru, mita 5,895, unapata takriban nyuzi 6 chini ya sifuri.

Kwa kujibu mwenyewe utagundua mambo matatu ambayo mpango wa kawaida usingekuonyesha.

La kwanza, kilele kinahitaji namba hasi. Muulize mwalimu wa Hisabati kama darasa lako limeshazifikia. Kama bado, ishia Kibo, kama tulivyofanya; la sivyo utakuwa unapima Hisabati na kuiita Jiografia. Kuzidisha desimali nako ni vilevile. Mtoto akikwama kwenye 18.5 × 0.6, hutajua kama ameelewa hewa au hajaelewa.

La pili, kanuni hutoa makadirio ya wastani. Usiku Kibo baridi hushuka chini zaidi ya hapo, na upepo huongeza makali. Lazima darasa lisikie jambo hili kabla ya barua, kwa sababu mtoto anaweza kumshauri mtu sweta moja kwa vile “ni nyuzi 1 tu”. Kuna watu halisi wanaopanda mlima huu na nguo pungufu.

La tatu ni muda. Ikiwa wewe umetumia dakika 9, mwanafunzi atahitaji kama mara tatu ya hapo. Dakika 27 zinaingia kwenye kipindi cha 40 na kubakiza muda wa kugawa na kukusanya. Ungetumia dakika 15, kazi ni kubwa mno. Ipunguze kambi moja.

*Vigezo vya kusahihisha.* Viandike sasa, si baada ya kukusanya. Alama 10: hesabu za kambi tatu alama 3, sababu alama 4, ushauri unaolingana na hesabu alama 2, barua kueleweka alama 1. Sababu inapata alama nyingi kuliko zote kwa kuwa ndiyo dai lako la Hatua ya 1. Mgawanyo wa alama ukikinzana na dai, watoto watafuata alama. Ukitoa alama 4 za usafi na mchoro, utapata michoro mizuri ya mlima wenye kofia nyeupe.

*Majibu matatu ya mfano.* Andika sentensi ambazo mtoto anaweza kuandika katika (b), ya juu, ya kati na ya chini:

“Jua linapasha ardhi, ardhi inapasha hewa iliyo karibu nayo. Ukipanda hewa inakuwa chache, haiwezi kutunza joto. Kukaribia jua kwa kilomita 4 si kitu, jua liko mbali sana.” Alama 4.

“Ukipanda mita 100 joto linapungua 0.6.” Hii ni kanuni tu, haijasema kwa nini. Alama 1.

“Huko juu kuna baridi kwa sababu kuna theluji.” Alama 0, na hapa ndipo penye kazi. Jibu hili litakuja kwa wingi, tena kutoka kwa watoto hodari, kwa sababu wanaiona theluji ya kilele cha Kibo kila asubuhi mawingu yanapofunguka. Wamegeuza chanzo na matokeo: theluji ipo kwa sababu kuna baridi. Usipoliwaza jibu hili mapema, ukikutana nalo kwenye rundo la karatasi utalipa alama 2 kwa huruma.

*Darasa la watu 70.* Barua 70 huwezi kuzisahihisha kwa makini ukiwa na madarasa mengine matatu. Gawanya ushahidi. Barua iandikwe kwa vikundi vya watu 5, unapata barua 14. Lakini kikundi huficha wasioelewa, kwa hiyo kila mwanafunzi ajibu pia peke yake swali moja kwenye robo ya karatasi: *Rafiki yako anasema mlimani kuna baridi kwa sababu kuna theluji. Mjibu kwa sentensi mbili.* Karatasi 18 za A4 zinatosha darasa zima. Usizitie alama, zipange mafungu matatu: ametoa sababu, ametoa nusu, hajatoa. Ukizoea, kazi hiyo ni ya robo saa, na inakuambia zaidi ya maswali 20 ya kuchagua.

Hatua ya 3: Panga vipindi kuanzia cha 6

Karatasi ya tatu. Chora mistari sita, andika 6 juu na 1 chini, ujaze kuanzia juu. Kwenye kila mstari jiulize: ili aweze hiki, jana yake alipaswa kuwa ameweza nini?

*Kipindi cha 6.* Barua na robo karatasi. Hakuna jipya.

*Kipindi cha 5.* Akiba na kurekebisha. Usikijaze kitu. Kutakuwa na mtihani wa ujirani (wa pamoja na shule jirani), michezo, mvua iliyozuia watoto kufika, au kundi kubwa lililobaki kwenye jibu la theluji. Mpango usio na akiba huvunjika kwenye kipindi cha 6, yaani panapouma zaidi. Kama hakuna kilichoharibika, tumia dakika hizo kwa waliotoa nusu ya sababu.

*Kipindi cha 4.* Mazoezi yanayofanana na kazi ya mwisho, kwa namba nyingine. Mlima Meru unafaa: Arusha mita 1,400, wastani tuseme nyuzi 20, kituo cha Miriakamba takriban mita 2,500, kituo cha Saddle takriban mita 3,600. Majibu ni nyuzi 13.4 na 6.8. Usitumie Kilimanjaro hapa. Darasa likishafanya namba zilezile, kipindi cha 6 kitapima kumbukumbu. Wakimaliza, wape majibu yako matatu ya mfano bila alama, na vikundi vyenyewe viamue lipi ni bora na kwa nini. Watajifunza vigezo kwa kuvitumia.

*Kipindi cha 3.* Sababu na kanuni. Usianze na 0.6. Andika ubaoni urefu na joto la sehemu nne, waache wapunguze wenyewe hadi wagundue kwamba kila mita 1,000 zinaondoa kama nyuzi 6. Kanuni waliyoigundua hawaisahau kirahisi.

Jiandae pia kwa swali ambalo mwanafunzi makini atauliza: “Mlimani nako kuna ardhi na jua linapiga, mbona haipashi hewa?” Jibu ni kwamba inapasha, na mchana hata jiwe lililo juani huwa na moto. Lakini hewa ya huko ni chache, joto hutoroka upesi, na upepo huleta hewa baridi inayouzunguka mlima pande zote. Ukilikwepa swali hili, mwenye akili kuliko wote darasani ataondoka akiamini umemkaririsha.

*Kipindi cha 2.* Jaribio la nje. Vipimajoto viwili, kimoja sentimita 5 juu ya udongo mtupu usio na majani, kingine usawa wa kifua cha mwalimu. Vikinge vyote viwili jua kwa kipande cha boksi, subirini dakika 5, someni pamoja. Hewa ya karibu na ardhi iwe na joto zaidi.

Jaribio hili lina njia nne za kuharibika. Kipimajoto kikigusa udongo, kinapima udongo. Kikipigwa na jua moja kwa moja, kinapima jua. Siku ya mawingu mazito tofauti hupotea, kwa hiyo weka siku mbadala. La nne ndilo husahaulika: asubuhi mapema ardhi bado imepoa kutokana na usiku, na matokeo yanaweza kuja kinyume. Angalia ratiba. Kama kipindi chako ni saa 2 asubuhi, badilishana na mwenzako upate cha saa 6 au saa 7 mchana. Mpango ulioandikwa siku moja kabla haukupi nafasi ya kuomba kubadilishana.

Kama shule ina kipimajoto kimoja, pima chini kwanza, kisha juu, kisha chini tena, ili usidanganywe na joto la mchana linaloendelea kupanda.

*Kipindi cha 1.* Swali la Arusha na Moshi. Kila mtoto aandike sababu yake kwenye daftari, pasipo kusahihishwa. Hesabu mikono: wangapi wanasema kukaribia jua kungeongeza joto, wangapi theluji, wangapi miti, wangapi hawajui. Andika namba hizo kwenye kona ya andalio. Halafu wasomee barua watakayoandika kipindi cha 6. Hakuna siri ya kulinda. Mtu anayejua anakokwenda husikiliza kwa namna nyingine.

Hatua ya 4: Hamishia kwenye azimio la kazi na andalio

Fomu za shule zina mpangilio wake, na mwalimu wa taaluma au mthibiti ubora atataka kuziona zimejazwa kama zilivyo. Zijaze hivyohivyo. Mpangilio wa kufikiri si lazima ufanane na mpangilio wa kuandika.

Kwenye azimio la kazi, yaani mpango wa wiki za muhula, weka kwanza wiki ya kipindi cha 6, kisha rudi nyuma ukihesabu siku za mapumziko na mitihani. Kwenye andalio, safu ya upimaji isiwe na “maswali ya mdomo” kila mstari. Andika swali lenyewe na jibu unalolitarajia. Kwa kipindi cha 2, kwa mfano: “Kati ya ardhi na jua, ni kipi kilichopasha hewa tuliyopima? Umejuaje?” Swali likikosa uhusiano na barua ya kipindi cha 6, ama swali ni la kuondoa, ama kipindi kimepotea njia.

Kisha pitia shughuli zako moja moja, na kila moja uiulize inamsaidia mwanafunzi kupata alama ipi kati ya zile 10. Kuchora mlima kwenye manila na kuupaka rangi ni shughuli ambayo watoto huipenda na hula dakika 40 nzima. Hapa haina alama yoyote, kwa hiyo inatoka. Inauma kuondoa shughuli nzuri. Iweke kwa ajili ya mada ya uoto, ambako kuchora kanda za mlima ndiko kutakuwa ushahidi wenyewe.

Baada ya kipindi cha 6

Panga robo karatasi mafungu matatu siku hiyohiyo. Fungu la wasiotoa sababu likizidi watu 20 kati ya 70, usiende mada mpya na darasa zima kana kwamba imepita. Chukua dakika 15 za kipindi kinachofuata, rudia vipimajoto, na safari hii waliotoa sababu kamili ndio waeleze. Likiwa chini ya hapo, waite wachache hao wakati wa mapumziko, na uanze kwa kuwauliza, si kuwaeleza. Mara nyingi utakuta wawili au watatu walielewa ila hawakuweza kuandika, na hao wanahitaji msaada wa Kiswahili cha kuandika, si wa hali ya hewa.

Nyuma ya karatasi ya tatu andika namba mbili: wangapi walisema theluji kipindi cha 1, wangapi bado wanasema theluji kipindi cha 6. Andika pia saa na hali ya anga ya siku ya jaribio. Bana karatasi zote tatu pamoja na barua mbili za wanafunzi, moja nzuri na moja ya kati, baada ya kufuta majina. Mwakani saa mbili zitakuwa nusu saa, na majibu ya mfano hutayatunga tena, kwa kuwa utakuwa na ya watoto wenyewe.